Kamera za Bofu Zisiwe "Kamera za Siri"

Ukishuka feri upande wa Likoni ukashika njia ya Bofu, siku hizi macho ya mtaa si ya watu peke yao. Juu ya mlango wa duka la M-Pesa kuna kamera. Juu ya geti la ploti ya kupangisha kuna kamera. Kwa kinyozi ipo, kwa muuza dawa ipo, kwenye ukuta wa madrasa ipo, na hata nyumba za kawaida, ambazo zamani ulinzi wake ulikuwa kufuli na komeo, sasa zina kijicho chekundu kinachowaka usiku. Sababu tunaijua sote. Vijana wenye mapanga wametutia hofu, Likoni huku na Kisauni kule. Mtu ananyang'anywa simu mchana kweupe, na polisi wakifika waliofanya wameshaingia vichochoroni. Mwenye duka aliyejikusanyia vishilingi vyake akaweka kamera simlaumu hata kidogo.

Neno langu leo ni kwa hao hao walioweka kamera, na kwa sisi tunaopita chini yake. Magazeti yetu ya Kiswahili yamezoea kuziita "kamera za siri". Sijui nani alianza, lakini jina hilo limetupoteza. Kamera ya ulinzi inayofuata sheria ni ile ambayo kila mtu anajua iko pale, inatazama nini, ni ya nani, na picha zake zinawekwa wapi. Ikiwa ya siri, imeanza vibaya. Na ubaya huo haumfiki jirani peke yake. Siku ya kesi humrudia mwenye kamera mwenyewe.

Tuangalie maandishi. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na kinasema habari za familia yake au mambo yake ya ndani zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo haja. Bunge likapitisha Sheria ya Ulinzi wa Data, nambari 24 ya 2019, iliyoanza kutumika Novemba 25 mwaka huo. Chini yake kukaundwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na Bi Immaculate Kassait akaapishwa Novemba 2020 kuwa kamishna wa kwanza. Wengi wetu tukisikia "data" tunafikiria bando la simu. Sheria inamaanisha habari yoyote inayoweza kumtambulisha mtu. Uso wako ukitoka dukani saa mbili usiku ni data. Namba ya tuktuk yako ni data. Saa unayotoka, saa unayorudi na uliyefuatana naye, yote hayo yakinaswa pamoja na uso wako ni data.

Hapa ndipo mwenye nyumba huniambia: "Lakini hii ni nyumba yangu, naweka nitakacho." Ana hoja, na sheria yenyewe imempa nafasi. Kifungu cha 51 kinamwondoa mtu katika masharti mengi iwapo anachofanya ni shughuli ya binafsi au ya nyumbani tu. Kamera inayotazama sebule yako, veranda yako, gari lako ndani ya ua wako, hiyo ni yako. Tatizo ni lile neno "tu". Kamera ikivuka ukuta ikaanza kunasa njia ya watu wote na mlango wa jirani, je, bado ni mambo ya nyumbani tu?

Swali hilo liliulizwa Ulaya kabla halijafika kwetu, na kisa chake kinafanana na cha Bofu kwa namna ya kushangaza. Katika Jamhuri ya Czech kulikuwa na bwana mmoja, František Ryneš, ambaye watu wasiojulikana walikuwa wakimvunjia madirisha mara kwa mara. Akafunga kamera chini ya paa. Ilinasa mlango wake, njia ya umma, na mlango wa nyumba ya mkabala. Mwaka 2007 dirisha likapigwa tena kwa manati, kamera ikanasa, na washukiwa wawili wakatambuliwa. Mmoja wao akalalamika kwamba alirekodiwa kinyume cha sheria, na mamlaka ya huko ikampiga faini Ryneš. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo Desemba 11, 2014 iliamua kwamba kamera inayonasa njia ya umma si shughuli ya nyumbani tu, hata kama mwenyewe anajilinda. Mahakama haikusema ni haramu kujilinda. Ilisema haki hiyo ya kulinda mali na roho ipimwe ndani ya sheria, si nje yake. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya. Lakini sheria yetu iliandikwa kwa kufuata mwendo wa ile ya Ulaya, na maneno ya msamaha huu yanakaribiana sana. Mwenye kutegemea kwamba hakimu wa Mombasa ataona tofauti anacheza bahati nasibu.

Sasa tuje uani. Anayejua nyumba zetu anajua kwamba sebuleni si ndiko wanawake wanakoishi. Wanaishi uani. Huko ndiko wanakopika, wanakofua, wanakosukana nywele, wanakokaa na leso moja bila mtandio kwa sababu waliopo ni wao kwa wao. Ukuta wa ua umewekwa kwa ajili ya sitara. Nimeingia nyumba moja mtaani petu nikakuta shuka limetandazwa kwenye kamba tangu asubuhi, na si la kukauka. Jirani alijenga ghorofa, akaweka kamera kwenye kona ya juu kutazama kichochoro nyuma ya nyumba, na kamera ile ikawa inamwaga macho hadi kwenye jiko la wenzake. Mama wa nyumba hakwenda kugombana. Alitundika shuka, na tangu hapo akawa anapika na buibui. Nilipomuuliza kwa nini hasemi, alinijibu, "Mwanangu, nikisema wataniuliza naficha nini."

Jibu lake limenikaa. Mtu kutaka sitara nyumbani kwake mwenyewe kumegeuzwa dalili ya uhalifu. Sheria inasema kinyume: anayekusanya ndiye anayetakiwa kueleza sababu. Akusanye kile kinachotosha kwa kazi aliyoitaja, si zaidi. Kulinda kichochoro hakuhitaji jiko la jirani. Kamera nyingi zinazouzwa leo zina uwezo wa kuziba sehemu ya picha kwa kiraka cheusi, na fundi anayeijua kazi yake atakifanya hicho kwa dakika chache. Kama haiwezekani, kamera inateremshwa au inageuzwa. Na nyingine zinanasa sauti pia, jambo ambalo wenye nazo mara nyingi hawalijui. Mwaka 2021 mahakama ya Oxford, Uingereza, ilipokuwa ikisikiza ugomvi wa majirani juu ya kamera za kengele ya mlangoni, hakimu aliona sauti ina madhara makubwa hata kuliko picha, kwa kuwa ilinasa mazungumzo ya watu waliosimama mbali bila kujua. Kwetu, ambako mazungumzo ya maana hufanyika barazani, hilo si dogo. Zima sauti. Mwizi hatambuliwi kwa porojo za barazani.

Kwa wenye biashara mambo ni mazito zaidi, na hapa naona watu wengi wamedanganyika. Kanuni za usajili za 2021, zilizoanza kazi Julai 2022, zinamsamehe kujisajili mtu mwenye mauzo chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10. Wenye maduka wakisikia hivyo wanashusha pumzi. Lakini kanuni hizo hizo zina jedwali la shughuli ambazo msamaha hauzihusu kabisa, hata biashara iwe ndogo vipi, na ndani yake imetajwa waziwazi kazi ya kuzuia uhalifu, pamoja na kuendesha kamera za CCTV za ulinzi. Zimetajwa pia taasisi za elimu, hospitali na zahanati, hoteli, usimamizi wa majumba, na uchukuzi. Kwa hiyo duka, ploti ya kupangisha, shule yenye kamera: kaa ukijua jina lako liko kwenye jedwali. Ada ya usajili kwa biashara ndogo ni shilingi 4,000, na cheti hudumu miezi 24. Ni pesa, sikatai, hasa kwa mwenye kibanda. Lakini faini ya kamishna inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ipi iliyo ndogo. Binafsi naona kumtoza muuza maduka wa Bofu ada sawa na kampuni yenye watu 50 si haki, na wabunge wetu wa Pwani wangefaa kulisema hilo. Mpaka watakapolisema, sheria ndiyo hiyo.

Usajili peke yake hautoshi. Kifungu cha 29 kinataka mtu aarifiwe kabla hajakusanyiwa habari zake, kadiri inavyowezekana. Kwa kamera, maana yake ni tangazo. Nimepita Bofu kwa makusudi nikitafuta matangazo, na machache niliyoyaona yameandikwa kwa Kiingereza maneno mawili matatu ya kumtisha mwizi. Tangazo la kweli liandikwe kwa lugha ya wapitao: hapa panarekodiwa, kwa ajili ya ulinzi, mwenye kamera ni fulani, simu yake ni hii. Unaweza kulichora kwa rangi ukutani. Na aliyenaswa ana haki, chini ya sheria hiyo hiyo, ya kujua picha yake inatumiwa vipi, kuiona, na kuomba ifutwe ikiwa haina sababu ya kuwekwa. Akiomba kuiona, anapaswa kuhudumiwa ndani ya siku 7, bila malipo. Ni wenye maduka wangapi mtaani wanaolijua hili? Ni wapita njia wangapi?

Kuhusu muda wa kuweka picha, sheria haikutaja siku. Inasema zisiwekwe kupita haja yake. Kile kisanduku ambacho mafundi hukiita DVR kwa kawaida hujifuta chenyewe kikijaa, na hilo kwa siku za kawaida ni jambo jema. Kasheshe ni pale mtu anapohamisha vipande hadi kwenye simu, akaviweka miaka.

Na hapo tunafika kwenye makundi ya WhatsApp. Kila mmoja wetu ameshapokea kipande cha video: kijana anaruka ukuta, anabeba mtungi wa gesi, na chini yake maneno, "Mkimuona huyu mjue la kufanya." Sote tunajua "la kufanya" maana yake nini. Maana yake ni tairi na petroli. Video ya usiku, uso nusu, kofia, na mtaa mzima unaanza kubahatisha ni mtoto wa nani. Akikosewa, nani atamrudishia mama yake? Aliyeweka kamera kwa ajili ya ulinzi hana ruhusa ya kuigeuza kuwa gazeti. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna ilitoza klabu ya Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule ya Roma shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hizo zilikuwa picha za matangazo, hakuna aliyeitwa mwizi ndani yake. Pima mwenyewe video inayomwita mtu mwizi. Tena wengi wa hawa vijana wa mapanga ni watoto kwa sheria, chini ya miaka 18, na Sheria ya Watoto ya 2022 inalinda faragha yao hata wakiwa wamekosa. Najua msomaji mwenye kovu la panga hataki kusikia hayo. Naandika nikijua.

Basi nimwambie jambo ambalo labda atataka kulisikia. Ile video inayozunguka kwenye simu za watu mia tatu haina nguvu sana mahakamani. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza picha ilitolewaje na kwenye kifaa gani, kikiwa kimetiwa saini na mtu mwenye dhamana ya kifaa hicho. Mahakama zetu zimewahi kukataa video kwa kukosa cheti hicho, hata katika kesi kubwa za uchaguzi. Video iliyorekodiwa kwa simu kutoka kwenye skrini, ikatumwa, ikakatwa, ikatumwa tena, nani atatia saini? Wakili wa mshtakiwa atauliza saa ya DVR ilikuwa sahihi au la, nani alikuwa na nenosiri, nani aliigusa baada ya tukio. Nenosiri lenyewe mara nyingi ni lile lile lililotoka nalo kiwandani, ambalo fundi analijua, na wateja wake wote wanalo moja. Kijana atatoka, na mtaa utasema polisi wamehongwa. Huenda wamehongwa, lakini huenda pia sisi wenyewe tumemfungulia mlango.

Kwa hiyo ukipata tukio, usikate wala usisambaze. Piga ripoti kituoni upate nambari ya OB. Toa nakala moja kutoka kwenye kisanduku chenyewe, andika tarehe, saa na jina la aliyeitoa. Makachero wakija kuchukua picha au kisanduku, waombe barua, andika majina yao na nambari zao za kazi, na ubaki na nakala. Wengine wataona huo ni ukaidi. Kwetu Pwani, ambako familia nyingi bado zinawatafuta watoto wao waliochukuliwa na magari yasiyojulikana, na ambako mashirika kama Haki Afrika na MUHURI yamelilia jambo hili miaka mingi, kuuliza picha inakwenda wapi si ukaidi.

Tumeona pia picha inaweza kupotea mikononi mwa wanaotakiwa kuilinda. Juni 2025 mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikufa akiwa kizuizini katika Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi. Mamlaka ya kuchunguza polisi, IPOA, ilieleza kwamba mfumo wa kamera za kituo hicho ulikuwa umechezewa. Kwa upande mwingine, Desemba 2024, wakati vijana walipokuwa wakitekwa nyara, kamera za kawaida za mitaani ndizo zilizonasa baadhi ya utekaji huo, na nchi ikaona. Kamera ni ile ile. Tofauti ilikuwa nani ameshika kisanduku.

Serikali nayo haijaachwa nje. Mwaka 2014 Safaricom ilipewa kandarasi ya shilingi bilioni 14.9 kujenga mfumo wa mawasiliano ya usalama, ukiwa na kamera 1,800 za Nairobi na Mombasa. Usalama wa taifa una msamaha wake katika sheria, lakini msamaha huo si wa kila kitu. Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliona kwamba usambazaji wa kadi za Huduma Namba ulikiuka sheria kwa kuwa serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa faragha za watu, ile inayotakiwa na kifungu cha 31 cha Sheria ya Ulinzi wa Data. Kwa hiyo kaunti ikija kesho na kamera za mtaani, na nasikia wagombea wameshaanza kuziahidi, tunayo haki ya kuuliza tathmini iko wapi.

Anayeona amedhulumiwa na kamera ya mtu aanze kwa kuzungumza na mwenyewe, mbele ya mzee wa mtaa ikibidi. Kesi nyingi za ukuta zimekwisha kwa kikombe cha chai. Zisipokwisha, Ofisi ya Kamishna ina tawi Mombasa na hupokea malalamiko mtandaoni pia, bila malipo, hata kwa mdomo kwa asiyejua kuandika. Inatakiwa kumaliza uchunguzi ndani ya siku 90. Inaweza kuamuru kamera igeuzwe, na aliyeumizwa anaweza kudai fidia.

Katika kichochoro chetu tumeanza kuchangishana kwa ajili ya kamera nne. Kiasi kimeshajadiliwa, fundi ameshakuja kupima waya, na kijana mmoja amejitolea kisanduku kikae chumbani kwake kwa kuwa ana stima ya uhakika. Mimi nimetoa mchango wangu, lakini nimeomba mambo manne yaandikwe kwenye daftari la mkutano kabla ya waya kuvutwa: kisanduku kikae ndani ya kabati lenye kufuli mbili na funguo kwa watu wawili wa nyumba tofauti, mmoja wao awe mwanamke; kila atakayefungua aandike jina na sababu; kikundi kijisajili kwa kamishna kwa jina lake; na siku ya kufunga kamera, mama wa kila nyumba aitwe aione skrini mwenyewe, aseme uani kwake kunaonekana au hakuonekani. Jambo la mwisho ndilo lililoleta mabishano. Mkutano umeahirishwa mpaka Jumapili baada ya alasiri.